Mkondo wa Pemba, Mlima Wetu Ulio Chini ya Maji

Katika toleo lililopita la jarida letu hili, kijana mmoja aliyemaliza shuleni kwetu miaka ya karibuni alitusimulia jinsi alivyopanda Mlima Kilimanjaro mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Makala ile ilinifurahisha sana, na nampongeza kwa dhati. Lakini humo ndani aliandika sentensi moja iliyonikera kidogo. Alisema kwamba sisi wana wa Pemba hatukujaaliwa mahali pa kujipima ustahimilivu wetu, kwa kuwa kisiwa chetu hakina mlima, wala jangwa, wala msitu wa kumpotezea mtu njia. Kwa hiyo Ndugu Mhariri aliponitaka niandike lolote la historia, sikuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta mada.

Ni kweli kuwa vilima vyetu ni vya kuchumia karafuu tu, na hakuna hata kimoja kinachofika mita 150. Lakini mlima wetu, ndugu msomaji, uko chini ya maji. Baina ya Pemba na mwambao wa Tanga na Vanga pana mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake kinapita mita 800. Unguja haiko hivyo. Maji yaliyopo baina ya Unguja na bara ni haba, na zama za kale, bahari iliposhuka, palikuwa nchi kavu. Ndiyo sababu Unguja ilipata chui wake na Pemba haikupata hata mmoja. Kisiwa chetu kimetengana na bara kwa mamilioni ya miaka. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu aliyepata kufika Pemba kwa miguu. Kila Mpemba, awe wa Micheweni au wa Mkoani, awe mwenye asili ya bara, ya Arabuni, ya Bara Hindi au ya Ngazija, ana babu aliyepanda chombo akauvuka mkondo ule, au akaja na pepo kutoka mbali zaidi. Hiyo ndiyo historia yetu ya kwanza, nayo ni ya ustahimilivu.

Nieleze kidogo habari za mkondo wenyewe, maana vijana wa leo wanavuka wakiwa wamelala kwenye viti. Pwani yetu hupitiwa na mkondo mkubwa unaokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu mpaka kufikia noti nne. Wakati wa kaskazi hupungua, wala hauachi. Sasa angalia ajabu yake. Mgeni hudhani kaskazi ndio msimu salama, kwa kuwa upepo wake si mkali. Lakini kaskazi hutoka kule unakokwenda mkondo, na upepo unapokabiliana na maji, mawimbi huinuka mafupi, yaliyosimama wima, yanayofuatana bila ya kukupa nafasi ya kuteka maji chomboni. Kusi ana mawimbi makubwa, lakini ni marefu. Chombo hupanda na kushuka kama mtu anayetembea vilimani. Nimewasikia mabaharia wengi wakisema afadhali kusi la wazi kuliko kaskazi la kificho.

Watu wa kwanza walioacha alama zao ardhini walifika kisiwani katika karne ya 7 au karibu na hapo. Huko Tumbe, wanahistoria wachimbaji wamefukua mabaki ya mji mkubwa wa karne ya 7 hadi ya 10, watu wake wakiishi katika nyumba za udongo na kununua vyombo vya kauri kutoka Ghuba ya Uajemi. Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, iligunduliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Watu maskini na waoga wa bahari hawawezi kupiga sarafu zao wenyewe.

Lakini aliyetuachia maelezo ya safari hasa ni al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, msafiri ambaye kama angekuwa hai leo angekuwa na picha zake katika kila gazeti. Alisafiri Uajemi, Bara Hindi na bahari nyingi, na mara ya mwisho alipotoka katika nchi ya Wazanji ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Alipanda chombo katika kisiwa alichokiita Qanbalu akaenda Oman. Wataalamu wengi wanaona kwamba Qanbalu ni Pemba, na baadhi yao wanaitaja Ras Mkumbuu kuwa ndio mji wenyewe. Mimi nimezaliwa upande huo, kwa hiyo ushahidi wangu usihesabiwe. Masudi anasema watu wa Qanbalu walikuwa Waislamu waliozungumza lugha ya Kizanji, na kwamba mabaharia walikadiria safari ya kutoka Oman kuwa farsakhi 500. Huyu ni mtu aliyekwisha kupita bahari nyingine nyingi, na anakiri kuwa hajaona bahari ya kutisha kama hii yetu. Anaeleza mawimbi ya upande wa Ras Hafuni ambayo mabaharia waliyaita vipofu: yanainuka kama milima na kuteremka kama mabonde, wala hayavunjiki kutoa povu. Wenye chombo alichosafiria walikuwa ndugu wawili wa Siraf, Ahmad na Abd al-Samad. Baadaye walizama katika bahari hiyo hiyo, wao na chombo na kila aliyekuwamo. Masudi anaitaja habari hiyo kwa maneno machache tu, kama anavyofanya baharia, kisha anaendelea na mengine.

Upo na mkasa mwingine katika kitabu cha nahodha Buzurg bin Shahriyar cha karne hiyo ya 10. Anasimulia kwamba mwaka 334 wa Hijra, yaani 945 au 946, watu wa Waqwaq walikuja na vyombo vipatavyo elfu moja wakaishambulia Qanbalu, na kwamba walikuwa wamesafiri mwaka mzima mpaka kufika. Hesabu ya vyombo nadhani imetiwa chumvi. Lakini wanahistoria wanalichukua jambo lenyewe kwa uzito, kwa sababu watu waliokwenda kuishi Madagaska walitoka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na lugha yao inalishuhudia jambo hilo mpaka leo. Na sisi tunao ushahidi mwingine ufukweni kila siku: ngalawa. Gogo la mwembe lililochongwa, mirengu miwili iliyokatisha juu, na matengo mawili ubavuni ya kuizuia isipinduke. Ukitoka kwetu ukaenda mashariki kwa maelfu ya maili, utaviona vyombo vya namna hiyo hiyo vikivua samaki katika pwani za Bali na Jawa.

Mwaka 1985 msafiri mmoja, Bob Hobman, aliona bora ayajaribu maneno hayo kwa vitendo. Yeye na wenzake walipanda chombo chenye matengo mawili kilichoitwa Sarimanok, wakatoka Bali wakaivuka Bahari ya Hindi bila ya vyombo vya kisasa vya kuongozea njia, mpaka wakafika pande za Madagaska. Miaka michache kabla ya hapo, 1980 na 1981, Tim Severin alikwenda kutoka Oman mpaka Uchina kwa jahazi liitwalo Sohar, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari, kama mitepe ya wazee wetu. Watu hawa nawaheshimu. Hawakwenda kutafuta sifa peke yake. Walikwenda kuuliza swali la historia kwa miili yao.

Burton na Speke nao walipita kwetu. Januari 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu, walitoka Unguja kwa chombo kidogo cha Kiarabu kwenda Mombasa, wakatua Pemba na kushuka Chake Chake. Burton aliandika mengi, kama ilivyokuwa desturi yake, na mengine si ya kuwapendeza wenyeji. Kwa mada yetu inatosha kusema kwamba alisafiri kama abiria. Waliokuwa wakiushika usukani walikuwa mabaharia wa pwani hii, na majina yao hayakutiwa kitabuni.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Wasafiri mashuhuri wa dunia ni wale walioandika, au walioandikiwa. Mwanamume wa Kojani aliyeuvuka mkondo mara mia mbili katika maisha yake hana hata mstari mmoja.

Watu wa Kojani, kama wajuavyo wazee wenzangu, ndio mabingwa wa dago. Dago ni kambi ya wavuvi ugenini. Mtu huaga nyumbani kwake, akaingia chomboni na wenzake, akaenda kupiga kambi kwa miezi kadhaa mahali penye samaki: Mkokotoni, Tanga, Mafia, Kilwa, Mtwara, au kaskazini Shimoni, Kilifi, Malindi mpaka visiwa vya Lamu. Huko hulala mchangani chini ya makuti, huvua, hukausha ng'onda na papa, akasubiri upepo ugeuke ndipo arudi. Wakati mwingine mtoto aliyeachwa tumboni humkuta anatembea. Wako waliokwenda dago wasirudi, wakaoa huko huko. Jamii ya Wapemba wa pwani ya Kenya, watu elfu kadhaa, chanzo chake ni wavuvi hao waliokwenda kizazi baada ya kizazi. Waliishi miaka mingi bila ya uraia wa nchi yoyote mpaka mwaka 2023, ambapo Serikali ya Kenya iliwatambua na kuwapa vitambulisho.

Mimi mwenyewe nilivuka kwa ngalawa mara mbili tu, nikiwa mwanafunzi, pamoja na ami yangu aliyekuwa mvuvi. Mara ya kwanza ilikuwa likizo ya mwezi wa Juni, kusi limekaza. Tuliondoka Wete jioni, tukalala Fundo ili tupate kutoka alfajiri kwa kupitia mlango wa kisiwa kile. Chakula chetu kilikuwa muhogo uliochemshwa na samaki wa kuchoma, na dumu moja la maji ambalo ami alilikalia mwenyewe asije mtu akanywa kwa hofu badala ya kiu. Tulikuwa tunakwenda Tanga, nami nilisoma jiografia, nikajua Tanga iko magharibi. Nikamwona ami anaelekeza omo kusini kabisa, kama tunaokwenda Pangani. Nikamwambia. Hakunijibu. Tulipofika kwenye kilindi, maji yakawa ya rangi ya wino, na milima ya Usambara ikaanza kujitokeza mbele yetu. Ndipo nikaona kwa macho yangu kuwa omo inatazama upande mmoja na ngalawa inakwenda upande mwingine. Mkondo ulikuwa unatuchukua kaskazini muda wote huo. Aliyeelekeza Tanga moja kwa moja angeokota Vanga, na aliyechelewa kuligundua kosa lake angeokota Shimoni. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa ametufundisha jambo hili ubaoni kwa mishale miwili na wa tatu katikati. Ami yangu hakujua kusoma, lakini mshale ule wa tatu alikuwa nao mkononi.

Kazi yangu ilikuwa ni kuteka maji. Niliteka kwa saa nane. Viganja vilichubuka, kisha chumvi ikaingia ndani yake, na nilipofika Tanga sikuweza kukunja vidole kushika kikombe cha chai. Nasema haya kwa ajili ya yule kijana wetu wa Kilimanjaro, ambaye aliandika kuhusu malengelenge ya miguu.

Si kila aliyevuka alivuka kwa kupenda. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati ruhusa ya kutoka visiwani ilikuwa ngumu kupatikana, watu waliondoka usiku kwa ngalawa na mashua kwenda Tanga, Vanga na Mombasa. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wenzetu. Wengine hawakusikika tena. Miaka hiyo na iliyofuata palikuwapo pia safari za magendo ya karafuu, na juu ya hizo nafahamu zaidi ya ninavyoweza kuandika, kwa kuwa baadhi ya manahodha wake ni wasomaji wa jarida hili na leo ni wazee wa kuheshimiwa. Kisha ikaja Januari 2001. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 ya mwezi huo, zaidi ya watu 2,000 walitoka Pemba wakavuka mpaka Shimoni, wanaume, wanawake na watoto wachanga, kwa vyombo vile vile vya kuvulia, katika kaskazi lile lile nililolieleza. Mwenye kutaka kujua kama wana wa Pemba wanacho kipimo cha ustahimilivu, na aanzie hapo.

Na baina yetu na Unguja bahari haina huruma zaidi. Rika langu mtaikumbuka MV Mapinduzi ya miaka ya 1970, jinsi tulivyotapika kutoka Malindi mpaka Mkoani huku tukijifanya tunatazama pomboo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyojaa watu kupita kiasi, ilipinduka nje ya Nungwi ikielekea Pemba. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Wengi wao walikaa majini mpaka asubuhi wakiwa wameshikilia magodoro, madumu na chochote kilichoelea. Hesabu ya mwanzo ya maiti ilipita 200. Hesabu ya tume ya uchunguzi, pamoja na waliopotea, ikapita 1,500. Hakuna mtaa wa Pemba usiokuwa na jina katika orodha ile. Nimezungumza na wawili walionusurika. Wote wawili walisema kuwa jambo gumu kabisa lilikuwa kuvumilia sauti za wenzao, na baadaye kuvumilia kunyamaza kwao.

Sasa niseme habari za wageni wetu. Katika miaka ya 2010 kampuni moja ya Uingereza, The Adventurists, ilianzisha mashindano ya ngalawa katika pwani na visiwa vya Tanzania. Vijana wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi, hupewa ngalawa na mafunzo ya siku chache, kisha husafiri mamia ya kilomita, wakilala visiwani na kupinduka mara kwa mara. Wazee wengine huwacheka. Mimi siwacheki. Jua la chomboni halimwulizi mtu pasi yake ya kusafiria. Hata hivyo ipo tofauti moja ambayo sipendi ifichwe. Wao wana simu za setilaiti na mashua ya kuwaokoa, na mtu akichoka humaliza safari yake hotelini. Wamejichagulia shida, na shida uliyoichagua mwenyewe ina utamu wake. Mwingereza Anthony Smith, aliyeruka kwa puto kutoka Unguja mpaka bara mwaka 1962, karibu miaka 100 baada ya Jules Verne kuitunga safari ya namna hiyo katika riwaya yake ya 1863, hakutosheka na ujana. Mwaka 2011, yeye na wazee wenzake watatu walivuka Bahari ya Atlantiki kwa chelezo kwa siku 66, na alitimiza miaka 85 akiwa katikati ya maji. Wanachama wetu wanaolalamika kila mwaka kuwa ngazi za ukumbi wa mkutano ni nyingi wamsome mzee huyo.

Lililonifanya niandike ni kwamba elimu ya ami yangu inaondoka. Ngalawa nyingi sasa zina mashine nyuma, vyombo vya faiba vinaongezeka, na abiria huvuka kwa boti ziendazo kasi au kwa MV Mapinduzi mpya iliyofika mwishoni mwa 2015. Sililii hayo, asiyejua taabu ya kuteka maji kwa saa nane ndiye atakayetamani irudi. Lakini mashine huharibika katikati ya kilindi, na kijana asiyeujua mkondo huamka asubuhi Kenya, ikiwa ana bahati.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi mlioko madarasani, hasa mliotoka Kojani, Tumbe, Msuka, Fundo na Wesha, mchukue madaftari mende kwa babu zenu kabla ya likizo kwisha. Waulizeni majina ya miamba na mafungu, nyota za kuongozea, alama za nchi kavu, na maneno yao ya kazi: joshini na demanini, bamvua na maji mafu, maleleji na matlai. Mwalimu wa somo la historia amekubali kuyapokea na kuyatunza katika maktaba ya shule.

Mimi nimekwisha kuanza. Yuko mzee mmoja wa Kojani, mwenye umri wa miaka 81, ambaye alikwenda dago mara ya kwanza akiwa mtoto wa kupika. Nilimwuliza, usiku wa giza bila ya nyota, alijuaje kuwa ameshatoka kwenye mkondo na anakaribia bara? Akasema kwanza wimbi hubadilika, likawa fupi na kuchoka. Kisha upepo wa nchi kavu ukianza, huja na harufu ya tope la mikoko, na baadaye ya moshi wa kuni. Akasema moshi wa Vanga na moshi wa Moa haufanani. Nikamtaka anieleze haufanani vipi. Akasema hilo halielezeki kwa siku moja, nije tena. Nimejaza kurasa 11 mpaka sasa, na Jumamosi nakwenda tena Kojani.